Gari la mwendo kwa bajeti ndogo: tazameni uzito kabla ya turbo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wasomaji wenu wanaotafuta gari moja la kufanya kazi zote: kwenda kazini siku za wiki, kubeba familia na mizigo hadi Morogoro au Tanga mwisho wa mwezi, na bado kumpa dereva raha ya kweli barabara ikiwa wazi na ina kona. Wengi wana bajeti ya gari la mtumba la kawaida. Wengi pia huishia kununua gari kuukuu la turbo, yaani lenye pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, kwa sababu tangazo limeandika "mashine" na bei inakaribiana na ya Corolla. Bei hiyo imeshuka kwa sababu. Anayeuza anajua kuwa mkanda wa taimingi, turbo, klachi na shokapu nne vinakaribia kudai fedha kwa wakati mmoja, na anataka zitoke mfukoni mwa mwingine.

Msimamo wangu ni huu: kwa fedha kidogo, tafuta gari jepesi, lisilo na turbo, lenye gia za mkono na injini ambayo spea zake zimejaa nchini.

Swift Sport ya umbo la ZC32S, iliyotengenezwa kuanzia 2011 hadi 2016, ina injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 136 na uzito wa kilo 1,050 hivi. Mark X ya kizazi cha kwanza yenye V6 ya lita 2.5 ina farasi 215, lakini inakokota takriban kilo 1,500. Ukigawanya, Swift inapata karibu farasi 130 kwa kila tani na Mark X 143. Pengo ni dogo kuliko watu wanavyodhani, na likifika suala la kona na breki gari jepesi linatangulia, maana zile kilo 450 za ziada lazima zisimamishwe na kugeuzwa na matairi manne tu. Ni uzito huohuo unaomaliza pedi, diski, bushi na bolijointi kwenye barabara zetu za matuta.

Kwa bajeti finyu kabisa ninaiweka mbele Vitz RS, namba NCP91 (2005 hadi 2010) au NCP131 iliyofuata. Injini yake ni 1NZ-FE ya cc 1,496, farasi 109 au 110 kutegemea kizazi. Ukoo huohuo wa injini umo kwenye Probox, Raum, Ist na Corolla, kwa hiyo plagi, koili, wota pampu na sensa unazipata kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, na unazipata pia Tunduma au Kahama bila kusubiri basi la usiku. Kilichoongezwa kwenye RS ni springi na shokapu ngumu zaidi, steringi inayojibu upesi na matairi mapana. NCP131 hutumia 195/50R16. Nguvu yake haitishi mtu. Raha yake ni kwamba unaweza kuitumia yote bila kuvunja sheria ya mwendo wala kuhatarisha abiria, na inakunywa petroli ya kawaida.

Mwenye watoto na mizigo achukue Fit RS. Ile ya GE8, iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2007, ina injini ya L15A ya lita 1.5 yenye farasi 120, nayo iliundwa kwa petroli ya kawaida. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, hivyo makalio ya viti vya nyuma yanakunjwa kwenda juu na kuacha nafasi ndefu ya wima. Friji ndogo inasimama mlemle bila kulazwa. Ukilaza migongo badala yake unapata sakafu karibu tambarare. Sijaona gari jingine la mwendo la ukubwa huo linalobeba hivyo. Valvu za injini hii hurekebishwa kwa skrubu, na fundi asiyelijua hilo huziacha hadi gari linaanza kutikisika likiwa limesimama. Zikaguliwe injini ikiwa baridi kila kilomita 40,000 hivi. Toleo la GK5 lililofuata 2013 lina farasi 132 na gia sita za mkono, ila sindano zake humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo usafi wa mafuta unadai umakini zaidi.

Swift Sport ndiyo yenye raha kuliko zote tatu barabarani, ndiyo pia yenye masharti. Buti lake ni dogo. Mabegi mawili makubwa yamelijaza. Mtengenezaji aliipangia petroli ya oktani ya juu, yaani inayohimili presha bila kulipuka yenyewe. ZC32S hutumia matairi 195/45R17, ambayo ukuta wake una milimita 88 tu, na shimo moja la Barabara ya Mandela linatosha kupinda rimu. Dawa ni kushuka hadi rimu za inchi 16 zenye 195/50R16: kipenyo chote kinapungua kwa milimita sita hivi, spidomita haikudanganyi kwa kiasi cha kujali, na unapata karibu sentimita moja zaidi ya mpira. Jaribu kwanza rimu moja mbele uone haigusi kalipa. Msikubali pia kuuziwa injini ya M16A iliyotolewa kwenye Escudo au SX4 mkiambiwa ni ileile. Jina ni moja, lakini kamshafti na pistoni za Sport ni tofauti.

Magari yote haya yalitoka pia na gia za CVT, yaani otomatiki ya mkanda na puli. Nashauri gia za mkono, na sababu si mwendo tu. Klachi ikiisha unajua unanunua nini: pleti, presha na bearing yake, vyote vitatu kwa pamoja, na flaiwili inapelekwa kuchongwa uso. CVT ikifa, mara nyingi unatafuta giaboksi nzima ya mtumba ambayo historia yake huijui. Na nyingi huuawa na oili. Honda za miaka hiyo zilidai oili ya HMMF, za baadaye HCF-2. Ukimwaga humo ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, mkanda wa chuma unaanza kuteleza juu ya puli, na uharibifu huo haurudi kwa kubadilisha oili. Kama lazima ununue CVT, omba kuona stakabadhi ya oili. Usipoipata, hesabu kuwa haijawahi kubadilishwa.

Anayehitaji gari kubwa na bado anataka mwendo ninampa Mark X, lakini ya kizazi cha pili, GRX130, iliyoanza 2009. Toyota iliirekebisha V6 ya lita 2.5 itumie petroli ya kawaida, farasi zikashuka hadi 203. Wengi huona hasara hapo. Kwa mafuta yetu ni faida. Injini hiyo, 4GR-FSE, haina sindano zinazoosha valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo masizi hugandamana juu ya valvu na gari linatetemeka likiwa limesimama huku injini inawaka. Kabla ya kubadilisha koili zote sita kwa kubahatisha, fungua manifodi uangalie valvu kwa tochi.

Sasa turbo, kwa kuwa najua wapo watakaozinunua hata nikisema nini. Tatizo la kwanza ni mafuta. Viwango vya Japani vinaitaka petroli ya kawaida iwe na oktani 89 kwenda juu na ya daraja la juu 96 kwenda juu, na hiyo ya juu huuzwa ikikaribia 100. Injini za EJ20 na EJ25 za turbo za Subaru ziliwekewa hesabu za kompyuta kwa hiyo ya juu. Petroli ya vituo vyetu vingi iko katikati ya viwango hivyo viwili. Ukikanyaga turbo ikijaa, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, kompyuta inachelewesha cheche kuiokoa injini, joto linapanda na nguvu inapotea. Gari lililoongezewa presha ya turbo na fundi wa mtaani halina hata kinga hiyo. Kuta nyembamba kati ya ringi za pistoni hupasuka, na unaanza kuona moshi wa buluu na oili ikitapika kupitia mpira wa kupumulia.

La pili ni historia. Mkanda wa taimingi wa EJ hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, pamoja na puli zake, tensiona na wota pampu, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. Oili haivuki kilomita 5,000. Baadhi ya injini hizi zina chujio dogo kama kofia ya kalamu ndani ya boliti ya bomba la oili liendalo kwenye turbo. Likiziba kwa tope la oili chakavu, turbo inakauka na kuanza kupiga mluzi. Na kwa kuwa magurudumu yote manne yanavuta, matairi yote manne lazima yawe ya saizi moja na yaliyolika sawa. Kufunga matairi mapya mbele na kuacha chakavu nyuma kunailazimisha difu ya katikati izunguke muda wote hadi iungue. Ukiona Forester ya turbo yenye matairi ya aina tatu, umeshaona jinsi mwenyewe alivyoitunza. Nikilazimika kumchagulia mtu turbo moja, ingekuwa hiyohiyo Forester, kwa nafasi yake na kwa kuwa tumbo lake liko karibu sentimita 20 kutoka ardhini, lakini iwe haijaguswa: eksozi yake, kompyuta yake na boksi la hewa lililotoka nalo kiwandani.

Golf GTI ya kizazi cha tano, farasi 200, ni gari zuri kuliendesha. Lina kikombe kidogo cha chuma kati ya kamshafti na pampu ya petroli ya presha ya juu. Kikitoboka, kamshafti inalika na bili inakuwa kubwa. Kukifungua na kukikagua kila kilomita 20,000 ni kazi ya muda mfupi, basi ifanywe. Giaboksi yake ya DSG (otomatiki ya klachi mbili) yenye gia sita inaogelea kwenye oili, na oili hiyo pamoja na chujio hubadilishwa kila kilomita 60,000. Msiichanganye na DSG ya gia saba yenye klachi kavu iliyomo kwenye Golf za injini ndogo za 1.4. Hiyo haipendi kabisa foleni ya kusogea hatua kwa hatua kama ya Mwenge au Ubungo: klachi zinapata joto, na kitengo chake cha umeme na presha kina sifa ya kufa.

Kuhusu kodi, anayeagiza mwenyewe aelewe kuwa TRA hukadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wao, hata kama risiti yako ni ndogo. Ushuru wa bidhaa unapanda kwa ukubwa wa injini: kati ya cc 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya 2,000 ni asilimia 10. Juu yake kuna wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, lililozidi miaka 10 asilimia 30. Ndiyo maana kuagiza Altezza RS200 au RunX yenye injini ya 2ZZ leo, magari mazuri kabisa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakulipi. Gari la namna hiyo litafutwe hapa nchini likiwa tayari na kadi. Ingiza modeli, mwaka na cc kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata senti Japani, kwa sababu viwango hubadilika kila bajeti.

Karatasi ya mnada wa Japani isomwe, si kutazamwa alama ya juu tu. R au RA maana yake gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa, XX ni paneli iliyobadilishwa, S ni kutu. Gari la mwendo lenye XX kwenye fenda ya mbele linakulazimu kupima alaimenti kabla ya kukubali bei. Kutu ya S kwenye magari ya mikoa ya theluji hujificha chini, kwenye mihimili ya nyuma na mabomba ya breki.

Kwa gari lililopo nchini, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini; ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa baridi: maji matupu yenye rangi ya chai ni onyo, utando wa mafuta juu yake ni onyo kubwa zaidi. Washa, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa buluu unaotoka baada ya kuachia mafuta na kukanyaga tena ni oili inayopita kwenye valvu au ringi. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Kisha pima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda. Kwa 1NZ-FE kipimo kizuri ni kama bar 14.7, kisishuke chini ya 10.8, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi bar 1. Kipimo hiki kinachukua nusu saa, na muuzaji anayekikataa amekujibu.

Barabarani, weka gia ya nne ukiwa mwendo mdogo kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko ukiruka huku mwendo haupandi, klachi inateleza. Ingiza gia ya pili kutoka ya tatu kwa haraka wakati giaboksi bado baridi. Ikisaga, sinkro (ringi zinazolinganisha mwendo wa gia) zimekwisha, na kwenye magari ya kukimbizwa ndizo huanza. Kata kona hadi mwisho ukiondoka polepole: mlio wa tak-tak-tak ni jointi za ekseli. Unganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na pamoja na makosa yaliyohifadhiwa angalia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa hayajakamilika, kuna uwezekano kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilitolewa, na taa ya injini ambayo sasa haiwaki inaweza kuwaka tena baada ya siku chache. Kwenye tairi tafuta namba nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozidi miaka sita ni mgumu hata kama una meno, na kwenye lami yenye mvua hautashika.

Gawanya fedha yako kabla ya kwenda yadi. Ukiwa na milioni 20, tafuta gari la milioni 15 na usiguse tano zilizobaki. Hizo zinaanza na matairi na breki. Badilisha mafuta ya breki yote kwa DOT 4 mapya, maana ya zamani yamenyonya unyevu na huchemka unapoteremka Kitonga, na kanyagio linazama hadi sakafuni wakati unalihitaji kuliko wakati wowote. Halafu mfumo wa kupoza: rejeta, mipira, kifuniko, kulanti nusu kwa nusu na maji safi yaliyochujwa. Halafu bushi na shokapu, mbili za ekseli moja kwa wakati mmoja. Oili ya injini, lita 3.7 pamoja na filta kwa 1NZ-FE, na oili ya giaboksi, ambayo watu husahau kabisa kwenye gari la gia za mkono.

Na tafadhalini sana, msikubali fundi atoe thermostati "ili gari lipoe". Bila thermostati injini haifikii joto lake la kazi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba ni asubuhi, petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda, na injini inazeeka huku geji ikionyesha baridi nzuri. Kama gari linachemka, kuna rejeta iliyoziba, feni isiyowaka au gasketi ya silinda hedi iliyoungua, na hilo ndilo la kutafutwa. Vivyo hivyo springi za kukatwa kwa grainda: gari linakaa chini kwa picha, lakini shokapu inafanya kazi ikiwa imebonyea tayari, inapiga mwisho kwenye kila tuta na kufa ndani ya miezi michache. Ukitaka gari lishike barabara kuliko lilivyotoka kiwandani, nunua springi na shokapu zilizoundwa pamoja, au liache kama lilivyo.

Kwenu wahariri nina ombi. Kurasa zenu za matangazo ya magari huandika jina, rangi na bei. Watakeni wauzaji waandike pia namba ya modeli iliyo kwenye kibati, mwaka wa kutengenezwa tofauti na wa kusajiliwa, aina ya giaboksi, saizi ya matairi na kilomita za mara ya mwisho mkanda wa taimingi au oili ya giaboksi vilipobadilishwa. "Vitz RS" kwenye tangazo inaweza kuwa NCP91 ya gia za mkono au Vitz ya cc 1,000 iliyobandikwa nembo, na msomaji wa Songea hawezi kupanda basi kuja Dar es Salaam kugundua tofauti hiyo akiwa ameshalipa dalali.

Fundi wa magari,
Ilala, Dar es Salaam